Nyeupe ya Mama Magesa

Kila mwaka, katika kipindi cha kwanza cha somo la uchakataji wa picha, nawaonyesha wanafunzi wangu wa uhandisi karatasi mbili na kuwauliza ipi ni nyeupe. Wanajibu haraka, wakidhani ni swali la kuwachangamsha. Halafu naificha ile waliyoichagua, nabaki na ile waliyoikataa, nauliza tena kama hii ni nyeupe, na karibu wote wanasema ndiyo. Mwaka huu nilikuwa bado nimeishika karatasi ya pili nilipoona simu inawaka juu ya meza. Ilikuwa ni Wambura, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba kule kwetu, mtu ambaye kwa miaka kumi amekuwa akinitumia ujumbe tu kwa sababu anadai sauti yangu inauliza maswali hata nikisema haloo. Nilitoka nje nikapokea. "Mama Magesa ametutoka," akasema. "Tunazika keshokutwa, Butiama." Nikamuuliza alikuwa anaumwa nini, tangu lini, nani alimpeleka hospitali, na kwa nini sikuambiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Wewe bado uko vilevile," akasema. "Njoo uulizie huku."

Nilikwenda. Baada ya maziko wanawake wa jamvini, wale niliofanya nao kazi, waliniambia nimenenepa na kwamba kunenepa kumenifaa, wakanisogezea sahani. Sasa niko Musoma, Mwisenge, kwenye chumba cha nyuma cha steshenari ya shangazi yangu, chumba kilekile nilichokaa mwaka niliomfahamu Mama Magesa, na nimejipa siku tatu za kuandika kuhusu mwaka ule kabla sijarudi kazini. Siamini sana kumbukumbu. Inafanya kile ambacho kamera hufanya, inakurekebishia mambo bila kuuliza. Kwa hiyo nitaandika yale tu ambayo bado yanaweza kuthibitishwa na mtu mwingine aliye hai, na pale nitakapokuwa na shaka nitasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ulikuwa programu ya kompyuta ya kutenganisha pamba safi na pamba fifi kwa kutumia picha. Safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na takataka. Fifi ni ile iliyoguswa na mvua au wadudu, ikaanza kwenda njano. Wakulima wetu wanazitenganisha kwa macho na mikono kabla ya mizani, na mimi niliona hiyo ni kazi ya mashine. Picha nilizitoa mtandaoni. Mbele ya jopo niliongea dakika ishirini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufaulu. Mtahini mmoja akaonyesha picha ya tatu. "Nani amesema hii ni fifi?" Nikajibu imeandikwa chini yake. "Nani ameiandika?" Sikujua. Mimi niliyewasumbua walimu miaka minne kwa kuwauliza nani kasema na kajuaje, nilikuwa nimejenga mradi mzima juu ya neno la mtu nisiyemjua. Waliurudisha wote. Wakanipa mwaka mmoja: niende pamba iliko, nipige picha mwenyewe, nirudi na barua ya mchambuzi wa pamba anayethibitisha kwamba mashine inakubaliana na macho yake. Bila barua hiyo hakuna digrii, na nafasi ya tatu haikuwepo.

Nilifika Mwisenge mwezi wa kwanza, wakati pamba ndiyo kwanza inaota. Shangazi Tabu hakuniuliza lolote. Alinionyesha chumba nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya karatasi, benchi la wateja lililovunjika mguu na kile kitambaa cha bluu kinachotundikwa nyuma ya mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Ukuta kati yangu na duka ulikuwa wa plaiwudi, kwa hiyo miezi mitano nilisikia kila kilichosemwa mbele. Mchana tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na sato aliyechemshwa na nyanya tu, au dagaa pale shangazi alipokuwa na haraka. Alikula huku amesimama mlangoni, jicho moja kwenye mashine ya fotokopi. Nilianza kumsaidia kukata picha, na majirani wakaanza kujiuliza.

"Tabu, huyu binti wako si alikuwa chuo?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Happy, muuza nguo wa jirani, aliyekuwa amekuja kupigwa picha ya kitambulisho.

"Yupo chuo."

"Mbona anakataga picha huku?"

"Anasomea picha."

"Miaka minne? Hizihizi za pasipoti?"

"Anasomea uhandisi wa picha. Kaa vizuri, kidevu juu, usicheke."

"Sijacheka. Ndivyo nilivyo."

Nilijifunza mengi nyuma ya plaiwudi ile ambayo chuoni nilikuwa nayakariri tu. Jioni moja nilimfungulia shangazi picha ya mteja kwenye kompyuta, nikalikuza jicho mpaka likawa vimraba vya kijivu, kila kimoja rangi moja, bila jicho tena. Nikamwambia kila kimraba ni pikseli, na ndani yake hakuna kingine ila namba: sifuri ni giza tupu, mia mbili hamsini na tano ni mwanga wa mwisho. Ukitaka picha ing'ae unaongeza namba zote. Ukitaka kutenganisha kitu na kingine unachagua namba moja kama kizingiti, zilizo juu yake huku, zilizo chini yake kule. Shangazi aliangalia kwa muda. "Kwa hiyo mtu ni namba tupu."

"Picha yake, shangazi. Siyo mtu."

"Wateja wangu hawajuagi hiyo tofauti," akasema, na alikuwa sahihi. Kila siku kulikuwa na mmoja aliyeomba ang'arishwe kidogo, na kila siku shangazi alikataa kwa maneno yaleyale: "Nikikung'arisha, siku wakimtafuta mwenye sura hii hawatampata." Niliona ni msimamo wa kikale. Mteja anataka, programu inaweza, tatizo liko wapi. Tulibishana hilo mara nyingi, na sikumbuki hata siku moja aliyopandisha sauti.

Mwezi wa sita nilipanda basi la Bunda, kisha bodaboda mpaka kijiji kilicho njiani kuelekea Butiama, kwenye ghala la chama. Jengo la matofali, paa la bati, uwazi mpana mbele, majamvi sita na wanawake wanane. Wambura alikaa mlangoni na mizani yake na daftari, kijana wa umri wangu mwenye maneno mengi. Aliyewaongoza wanawake wale alikuwa Mama Magesa: mrefu, mkavu, sauti ya chini, kaniki nyeusi imetandazwa mapajani. Nilimwamkia, nikaeleza nilichokuja kufanya. Aliendelea kuchambua. Mkono wa kulia ulikuwa unarusha fifi bila yeye kuutazama.

"Unataka mashine ifanye kazi yangu," akasema.

"Nataka mashine ijifunze kazi yako, mama."

"Na fifi inaanzia namba ngapi?" Wambura alikwisha kumwambia kwamba mambo yangu ni ya namba.

"Ndicho ninachotafuta."

"Ukiipata uniambie, niache kuinama." Wanawake wakacheka, na nikapewa nafasi kwenye jamvi, viazi vitamu viwili na kikombe cha maziwa mgando. Nililala kwake siku za kazi msimu wote, kwenye chumba chenye magunia ya mtama na kitanda cha binti yake aliyekuwa ameolewa Nyegina.

Kulikuwa na desturi moja pale ambayo lazima niieleze vizuri, kwa kuwa kila kitu kiliitegemea. Asubuhi, kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa, wanawake walichagua donge moja la pamba, jeupe kuliko yote waliyokuwa nayo siku hiyo. Walipokezana, wakabishana kidogo, wakakubaliana. Mama Magesa alichana kipande cha kaniki, akakiweka pembeni mwa jamvi, na donge juu yake. Waliliita shahidi. Hakuna aliyegusa gunia kabla shahidi hajakaa, na kila baada ya muda walilitupia jicho, kama dereva anavyoangalia kioo cha pembeni. Jioni lilitupwa pamoja na pamba nyingine, kesho likachaguliwa jipya. Niliuliza kwa nini. "Ndivyo tunavyofanyaga," akasema mmoja. Nikauliza tena, na Mama Magesa akajibu bila kuinua kichwa: "Macho yanazoea. Ukishinda na fifi, ikifika saa nane fifi inakuwa safi." Niliandika kwenye daftari langu neno moja, desturi, nikapiga mstari chini yake, nikafunga.

Sikumwamini, kwa hiyo nilimtega. Fungu moja nililigawa mara mbili, nusu nikampelekea asubuhi, nusu nyingine mchana ikiwa imechanganywa na za wengine. Alilishika, akaligeuza, akaliweka upande wa fifi. "Hili umeniletea asubuhi. Unadhani nimesahau, au unadhani limepona?" Nilijaribu tena siku nne mfululizo kwa hila tofauti. Alinikamata zote. Siku ya tano akanisubiri kwa uso wa mtu anayesubiri mchezo, na mimi sikuleta kitu.

Picha arobaini za kwanza nilizipiga nikiwa nimesimama, fungu likiwa katikati, jamvi linaonekana, shahidi anaonekana. Usiku wa Jumamosi Mwisenge niliziingiza kwenye programu, na ikatenganisha safi na fifi vizuri kiasi kwamba niliruka kitandani. Ndipo nilipofanya kosa ambalo, nikiwasimulia wanafunzi, wanadhani nimelitunga. Chuoni tulifundishwa kuondoa kwenye picha kila kisichohitajika. Jamvi halihitajiki. Kaniki haihitajiki. Basi kuanzia Jumatatu nilipiga magoti, nikasogeza simu mpaka pamba ikajaa kioo kizima, na kwa kuwa shahidi mara nyingi alikuwa njiani, nilimwokota, nikamtia mfukoni, nikapiga, nikamrudisha. Mama Magesa alinitazama kila mara nilipofanya hivyo. Nadhani alisubiri niulize. Mimi, ninayeuliza kila kitu, hilo sikuuliza. Nilipiga zaidi ya picha mia sita. Zilikuwa nzuri kwa macho, nyeupe na laini, na kwa sababu arobaini za mwanzo zilikuwa zimefaulu sikuona haja ya kuipima programu tena mpaka siku ya kuionyesha ghalani mbele ya wanachama.

Maonyesho yalifanyika katikati ya mwezi wa nane, wanachama kama thelathini wamekaa juu ya magunia. Wambura akatangaza kwamba leo mashine itapima macho ya Mama Magesa. Nikamsahihisha: macho ya Mama Magesa yatapima mashine. Yalipangwa mafungu kumi. Mama Magesa aliyapitia kwa muda mfupi tu, akasema sita ni fifi, manne ni safi. Nikapiga picha moja moja, nikasoma jibu kwa sauti. Safi. Safi. Safi. Nilipofika la tano watu walianza kunong'ona. Mpaka mwisho mashine ilikuwa imesema safi mara tisa. Fungu moja tu ilisema fifi, kwa sababu lilikuwa na majani.

"Basi leo wote tumekuwa wakulima bora," akasema Wambura. "Mama Magesa, nenda kapumzike."

"Ipelekeni na shuleni ikasahihishe mitihani," akadakia mzee mmoja nyuma, na ghala zima likacheka. Mama Magesa hakucheka. Alikuwa anaokota vipande vya majani kwenye lile fungu la mwisho.

Walipoondoka nilifanya jambo ambalo sijivunii, na naliandika kwa kuwa Wambura alikuwepo na analikumbuka. Barua niliyotakiwa kurudi nayo chuoni nilikuwa nimekwisha kuichapa kwa shangazi, imebaki sahihi tu. Niliitoa kwenye begi, nikampa Mama Magesa na kalamu.

"Hapa pameandikwa nini?" Alijua kusoma. Alitaka niseme mwenyewe.

"Kwamba mashine inakubaliana na wewe."

"Imekubaliana?"

"Bado. Lakini ni kosa dogo, nitalirekebisha. Wewe saini tu, mama, muda unaisha."

"Basi na sahihi yangu nayo bado." Akanirudishia karatasi. "Kila gunia linalotoka hapa, watu wanauliza nani kachambua. Wanaambiwa mimi. Jina hilohilo unataka niliweke hapo chini ya uongo." Hakusema kwa hasira. Akanionyesha sufuria la viazi, niende nikale. Nilikula, sikusikia ladha. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu za pamba, na digrii yangu ilikuwa kwenye karatasi isiyo na sahihi.

Nilirudi Mwisenge siku hiyohiyo nikiamini kosa liko kwenye hesabu. Nilibadilisha kizingiti, nikajaribu vichujio vyote nilivyovijua, vya kuondoa chengachenga, vya kunoa kingo. Haikusaidia. Namba za safi na namba za fifi zilikuwa zimelaliana, kana kwamba nimepiga pamba moja mara mia sita. Jumamosi mchana shangazi alipita nyuma yangu na bahasha za wateja, akasimama. Kwenye kioo kulikuwa na picha moja ambayo, kwa uzembe, nilikuwa nimesahau kumwondoa shahidi. Alionekana kidogo kwenye kona.

"Hiyo ya pembeni mbona ina bluu?"

"Pamba haina bluu, shangazi."

"Sijasema pamba. Nasema picha. Mtu akija na kitenge cha manjano nikampiga kwa karibu, sura inaniendeaga hivyohivyo. Simu inadhani chumba ndicho cha manjano, inajaribu kukisafisha." Akaenda kwa wateja wake.

Niliweka kishale juu ya shahidi na kusoma namba. Kitu cheupe kinapaswa kuwa na nyekundu, kijani na bluu zinazokaribiana. Hapa bluu ilikuwa imezipita nyingine mbali. Nikasoma fungu lenyewe, ambalo Mama Magesa alilisema fifi: nyekundu, kijani, bluu, karibu sawa. Nyeupe kabisa. Nilikaa pale na mikono mapajani. Simu imetengenezwa iamini kwamba ulimwengu kwa wastani hauna rangi. Ikiona njano imejaa kila mahali inadhani ni kosa la taa, inaiondoa bila kukuambia. Fungu la fifi likiwa na jamvi na kaniki na shahidi, simu ilikuwa na vitu vya kulinganisha. Nilipoijaza njano tupu, ikaifanya nyeupe. Kama nilivyotaka wateja wa shangazi wang'arishwe, simu ilikuwa imeng'arisha pamba yangu mara mia sita. Na kitu pekee ambacho kingeniambia imedanganya kwa kiasi gani, nilikuwa nimekitia mfukoni kwa mkono wangu. Haya yote yalikuwa kwenye kitabu, sura ya rangi, ukurasa nilioupigia mstari na kuandika ubishi pembeni. Nilimtilia shaka kila mtu mwaka ule isipokuwa kamera.

Jumatatu nilimweleza Mama Magesa mbele ya wote. Nilieleza vibaya, nikarudia, mwishowe nikasema tu: ile namba ninayoitafuta haipo peke yake, ipo ukimweka shahidi pembeni, na picha zangu zote hazifai. Nilisubiri aseme alikuwa anajua. Alimgeukia Wambura. "Pamba imebaki ya siku ngapi?"

"Wiki mbili na kidogo. Na ni ya mwisho." Mchumo wa mwisho unakuwa umenyeshewa, mwingi ni fifi. Safi ilikwisha kupakiwa kwenye malori. Nilihitaji zote mbili, nyingi, na fungu kwa fungu.

Mama Magesa alifikiri huku mkono unaendelea. "Nani ana mto wa mwaka huu?" akauliza. Sikuelewa. Wenzake walielewa, kwa kuwa walikwisha kuanza kutazamana. Kila msimu mchambuzi anaruhusiwa kubaki na pamba kidogo ya shamba lake kwa ajili ya mito, na mwanamke anayejiheshimu hawekei mto wake fifi. "Wa mwaka jana msilete," akaongeza. "Pamba ikilala mwaka inageuka." Kesho yake waliingia ghalani na mito kumi na mmoja, mingine imedariziwa maua, mmoja ulikuwa umeandaliwa kwa bibi harusi wa mwezi ujao. Waliifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, ili vitambaa visichanike. Wambura naye alileta wake chini ya koti.

"Mke wako anajua?" akaulizwa.

"Atajua akilala."

Nimepokea zawadi tangu wakati huo, na cheti kimoja chenye mhuri wa dhahabu. Hakuna kilichowahi kunifanya nijione mtu kama kuona mito ile imefumuliwa juu ya jamvi kwa ajili ya mradi wa darasani. Nilipiga picha siku kumi na tatu, mchana kutwa. Shahidi alikaa kwenye kila picha, kona ileile, juu ya kaniki yake. Programu sasa ilimsoma yeye kwanza, ikajua simu imepotosha rangi kiasi gani, ikarekebisha, ndipo ikalitazama fungu na kupima liko mbali naye kwa hatua ngapi. Mama Magesa alitaka kuelezwa hilo mara mbili.

"Kwa hiyo ile namba haipo."

"Ipo, mama. Ila inabadilika kila siku."

"Ndivyo inavyokuwaga," akasema.

Jaribio la mwisho lilikuwa mafungu mia moja. Wambura aliyapa namba na kuficha orodha, ili mimi nisijue Mama Magesa amesema nini wala yeye asijue mashine imesema nini. Yeye na mashine walitofautiana kwenye mafungu saba. Badala ya kufurahi nikaanza kuuliza, na nashukuru kwamba hapo alikuwa upande wangu: alitaka yale saba yarudi kesho asubuhi, mbele ya shahidi mpya. Matano, mashine ilikosea, ilidanganywa na vivuli vya majani. La sita alilishika muda mrefu. "Hapa nilikuwa naongea na watu," akasema, akalihamisha mwenyewe upande wa mashine. La saba mashine ilisema safi, yeye akasema fifi, na mimi niliyeligeuza mpaka mikono ikachoka sikuweza kuchagua kati yao. Alichukua barua, akaisoma tena toka mwanzo, akaweka sahihi. Kisha, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, akaongeza chini: isipokuwa fungu la saba. Nilimwomba afute, jopo litaona ni udhaifu. Alinitazama kama siku ile ya kwanza. "Si ndivyo ilivyo?"

Mwezi wa kumi na moja nilisimama mbele ya jopo. Niliongea dakika kumi na mbili. Mkubwa wao, mzee mwembamba aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji, alisoma barua mpaka mwisho. "Hili fungu la saba ni nini?" Nikasema ni pale ambapo mashine na mchambuzi hawakukubaliana, na mimi sijui nani yuko sahihi. Nilikuwa nimelibeba kwenye bahasha ya shangazi, pamoja na donge la asubuhi ile tulipolipima. Nikaviweka mezani. Nilidhani watavitazama na kuvisogeza. Walinyanyuka wote watatu wakaenda dirishani. Wawili walisema safi bila kusita. Mzee akaweka donge juu ya koti lake jeusi, fungu pembeni, akavua miwani zote mbili. Aliinama hapo kwa muda. "Fifi," akasema. Wenzake wakambishia. Akawabishia. Kwa karibu robo saa hakuna aliyekumbuka kwamba nipo chumbani, na mimi nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo sikuweza kuieleza hata kwangu mwenyewe. Baadaye wakanitoa nje, wakaniita ndani, wakanipa mkono.

Nilimpigia simu Mama Magesa nikiwa bado kwenye ngazi. Alipokea Wambura, akampa, nikasikia ghala nyuma yake, wanawake wanaongea Kizanaki na mtu anaburuta gunia la mbegu.

"La saba wamesemaje?" Hakusalimia.

"Wawili wamesema safi. Mmoja fifi."

"Huyo mmoja ni nani kwao?"

"Ndiye mkubwa wao."

 Kisha nikasikia ameiondoa simu sikioni, anawaambia wenzake kwa ile sauti yake ya chini: "Mkubwa wao ameona kama mimi." Kukawa na vigelegele, vifupi, vya watu wenye mikono yenye kazi. Nilisubiri arudi, nikasubiri aniulize. Alirudi kuniambia nimsalimie shangazi.

"Mama, hujaniuliza kama nimefaulu."

"Hilo sikuwa na haja ya kuuliza," akasema. "Hilo nilikuwa nalijua."